Kona ya Maswali: Kadude Kanaogelea Bila Betri, Nani Anakaendesha?

Toleo lililopita tuliweka habari fupi ya roboti ndogo zinazoogelea kwa sumaku, zimeigwa kwa samaki, konyeza (wale wa baharini wenye mwili kama jeli), bakteria na viumbe wengine wa majini, hazina waya wala betri. Tulijua itapita kimya kimya, kumbe ndo imeamsha watu, meseji zimeingia kuanzia Kisasa, Dodoma, mpaka Manyoni. Tumechagua chache, na zingine tumezifupisha maana kuna ndugu yetu katuma voice ndefu ya kumaliza bando la mtu.

Habari za kazi jamani. Mwanangu wa form two kanionyesha video, kadude kembamba hivi kapo kama kipande cha utepe, kanaogelea kwenye maji, kanatambaa, mpaka kanaruka kizuizi. Anasema AI ndo inakaendesha na kana betri ndogo kuliko punje ya mchanga. Mi nikamwambia hamna betri hiyo. Nani kapatia? (Mama wa Kisasa)

Nzuri mama. Umepatia wewe, hamna betri kabisa, wala mota, wala chip. Kama video ni ile tunayoifikiria, basi ni ya maabara ya Metin Sitti, taasisi ya Max Planck pale Stuttgart, Ujerumani, walioitoa kwenye jarida la Nature mwaka 2018. Kale kadude ni ka mpira wa silikoni uliochanganywa na chembe za sumaku, urefu wake milimita 4 hivi. Ujanja wao uko hapa: kabla ya kukatumia wanakakunja kuzunguka kijiti halafu wanakaweka kwenye sumaku kali sana, kakikunjuliwa kila sehemu ya mwili wake inakuwa na kaskazini yake inayoangalia upande tofauti. Sasa ukikaweka katikati ya koili za waya zilizopitishiwa umeme, kichwa kinataka kugeukia huku, tumbo kule, mkia kwingine, mwili mzima unapinda. Ukibadilisha umeme kwenye koili na mpindo unabadilika, na ukibadilisha mfululizo kwa mpangilio unapata wimbi, ndo kuogelea kwenyewe huko. Mpangilio mwingine kanabingirika, mwingine kanaruka, mwingine kanabana mzigo kanaubeba na kuuachia mbele. Waliwahi kukafuatilia kwa ultrasaundi kakiwa kamejificha ndani ya nyama ya kuku, kwa hiyo hata usipokaona kwa macho kanaendeshwa tu.

Kuhusu AI mwambie kijana kwamba kompyuta ipo ila iko nje, inahesabu umeme kiasi gani uende koili ipi, na mara nyingi kuna mtu ameshika kifaa mkononi kama anacheza gemu. Kenyewe hakajui hata kama kako majini.

Mambo vipi. Niko UDOM mwaka wa pili. Kwa nini wahangaike kuiga bakteria na samaki wakati propela ilishagunduliwa zamani? Mbona boti za bwawa la Mtera zinaenda na injini na hakuna aliyeiga perege? (Mwanafunzi, Dodoma)

Poa sana. Swali lako ndo lenyewe hasa, tuvumilie tutakuwa warefu kidogo.

Boti ya Mtera na perege wanatumia kanuni moja, unasukuma maji nyuma we unaenda mbele, na ukiacha kusukuma unaendelea kuteleza kidogo maana una uzito na una mwendo. Punguza ukubwa mpaka uwe wa bakteria, urefu wa maikromita 2, yaani mia tano wakipangana ndo unapata milimita moja. Hapo uzito wako ni kama haupo na kilichobaki ni mnato wa maji tu. Mwanafizikia Edward Purcell wa Marekani, yule aliyepata Nobel mwaka 1952, aliandika makala maarufu sana kuhusu hili mwaka 1977 na akapiga hesabu kwamba bakteria akisimamisha mkia wake umbali anaoteleza kabla ya kusimama haufiki hata upana wa atomi moja. Anasimama hapo hapo. Kwake maji ni sawa na we ukitumbukizwa kwenye pipa la asali ya Manyoni halafu uambiwe ogelea, na mikono uipeleke polepole kabisa.

Matokeo yake yanachekesha. Kwenye hali hiyo spidi haina maana, kinachohesabika ni mfuatano wa maumbo ya mwili tu. Ukipiga kasia mbele umesogea, ukilirudisha kwa njia ile ile umerudi ulipotoka, hata kama kwenda ulienda haraka na kurudi ulirudi taratibu. Purcell alitoa mfano wa chaza wa baharini anayefungua na kufunga gamba, akasema chaza huyo akiwa mdogo kiasi cha bakteria atafungua na kufunga mpaka achoke na hatoki alipo. Ili uende lazima mwendo wako ukichezwa kinyumenyume uonekane tofauti. Mbegu ya kiume inafanya hivyo kwa kupeleka wimbi kuanzia kichwani hadi mwisho wa mkia, haliru­di. Bakteria yeye ana mkia wa skrubu na anauzungusha kwa mota halisi iliyoko kwenye ngozi yake, jambo ambalo Howard Berg na mwenzake Anderson walilionyesha mwaka 1973, kabla ya hapo wengi waliamini anautikisa. Kwa hiyo propela unayoisema we ipo, ila bakteria alikuwa nayo kabla ya binadamu na yake ni ndefu ya kujisokota.

Sasa ingiza sumaku. Mtu wa kawaida atasema si uivute tu na sumaku kubwa kama unavyovuta msumari, habari ya kuogelea ya nini? Piga hesabu: nguvu ya kuvuta inategemea ujazo wa sumaku iliyomo ndani ya kadude. Ukikapunguza urefu mara 10, ujazo unapungua mara 1000, ila ukinzani wa maji unapungua mara 10 tu. Umepoteza mara 100. Ukipunguza tena unapoteza tena, mwisho unahitaji sumaku ambayo hamna hospitali inayo. Kuzungusha ni habari nyingine kabisa, maana nguvu ya kusokota na ukinzani wa kuzunguka vyote vinapungua mara 1000 kwa pamoja, kwa hiyo kadude kadogo kanazunguka vizuri tu kwa sumaku dhaifu ya militesla chache (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku, militesla ni elfu moja yake). Unakapa umbo la skrubu, unazungusha uga wa sumaku (yaani eneo ambalo nguvu yake inafika) kwa nje, kanajizungusha na kujisukuma mbele. Hapo ndo bakteria alipowazidi perege na injini za Mtera.

Wajapani walishaonyesha skrubu ya sumaku inayoogelea tangu 1996, ya kuonekana kwa macho. Mwaka 2005 kundi la Paris likatengeneza mkia wa chembe za sumaku zilizounganishwa kwa DNA wakaubandika kwenye seli nyekundu ya damu, ukaivuta. 2009 wakaja wa Zurich na wa Harvard, kila mmoja na skrubu yake ndogo ya kiasi cha bakteria. Na yule chaza hajaachwa hivi hivi, mwaka 2014 watu wa Stuttgart walitengeneza chaza mdogo wa sumaku na akaogelea kweli, kwa sababu walimweka kwenye kimiminika ambacho mnato wake unabadilika kikikorogwa, halafu wakamfungua na kumfunga kwa spidi tofauti. Sheria ya Purcell ni ya maji na vinavyofanana na maji, ila vimiminika vingi vya mwilini haviko hivyo, ute wa kwenye maungio ni mfano mmoja. Kwetu sisi hii ndo kazi tamu kuliko zote.

Acheni kutudanganya, hiyo siyo roboti, ni sumaku imepakwa mpira. Roboti lazima ifikiri. (Mpinzani wa Manyoni)

Karibu mpinzani. Unaloliona ni kweli ila umelikata nusu. Chukua kadude peke yake, umepata mpira wenye sumaku, tunakubaliana. Ila kitu kinachofanya kazi ni mfumo mzima: koili, kompyuta, kamera au ultrasaundi inayoangalia kako wapi, na huo mwili. Akili imeachwa nje kwa sababu ndani hamna nafasi, na kazi ambayo kwenye roboti kubwa inafanywa na mota kumi, huku inafanywa na umbo. Ndo maana hawa jamaa wanakaa miaka wanachunguza mtoto wa konyeza anavyofunga mwili wake wenye umbo la mwavuli, wanahangaikia unene wa mpira na sehemu gani iwe laini. Ukikosea umbo hakuna programu itakayokuokoa. Kama hilo kwako halitoshi kuitwa roboti basi mashine nyingi za kiwandani nazo uzivue cheo, maana zinarudia tu walichoandikiwa.

Huku Hombolo watoto hawatoki bwawani na kichocho hakiishi. Hizo roboti haziwezi kumwagwa zikawinda wadudu wa kichocho majini? (Baba wa watatu, Hombolo)

Kaka, tungependa kukupa jibu zuri lakini hapana. Sumaku inapoteza nguvu haraka mno ukiwa mbali nayo, ukiongeza umbali mara mbili uga unabaki moja ya nane, na nguvu ya kuvuta inabaki moja ya kumi na sita. Ndo maana kwenye maabara kadude kanazungukwa na koili pande zote, na eneo la kuchezea linaweza kuwa dogo tu. Kuzungushia koili bwawa la Hombolo haiwezekani hata bajeti yote ya mji wa serikali Mtumba ikihamishiwa huko.

Ila umegusa kitu. Yule mdudu wa kichocho anapotoka kwenye konokono na kutafuta ngozi ya mtu ni muogeleaji hodari, hafiki milimita moja, ana mkia uliogawanyika mara mbili mwishoni, na anapanda juu kwa kutanguliza mkia. Kundi la Manu Prakash wa chuo cha Stanford, Marekani, lilimchunguza kwa kina mwaka 2017 na wakatengeneza na modeli ya roboti ya kumuiga, wakaona pale mkia unapogawanyika panapinda kwa ulaini fulani hasa, ukikaza zaidi au ukilegeza zaidi anaogelea vibaya. Kwa hiyo mwalimu wa kuogelea mnaye hapo hapo bwawani, ila ni mwalimu mbaya. Watoto wapelekeni kituo cha afya wapewe praziquantel, dozi inapimwa kwa uzito, kawaida miligramu 40 kwa kilo, na msisubiri mpaka mkojo uwe wa damu. Na vyoo jamani, mayai ya kichocho yanarudi majini kupitia kwetu sisi wenyewe.

Mimi ni mzee wa Kondoa, nilipata stroku (kiharusi), mkono wa kushoto bado mzito. Nimesikia kuna roboti inaingia kwenye mshipa inazibua damu iliyoganda. Hapo hospitali ya Benjamin Mkapa itafika lini? (Mzee)

Shikamoo mzee, pole sana na tunakuombea nafuu.

Tusikupe tumaini la uongo, ni utafiti bado, ila umefika mbali kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2007 Sylvain Martel na wenzake wa Montreal, Kanada, waliendesha kidonge cha chuma cha milimita 1.5 kwenye mshipa mkubwa wa shingo wa nguruwe aliye hai, wakitumia mashine ya MRI yenyewe, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kama usukani. Mwaka 2018 wengine wa Stuttgart wakapitisha skrubu nyembamba kuliko bakteria kwenye ute wa jicho la nguruwe hadi kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho), zilikuwa zinanasa mpaka walipozipaka utando wa kuteleza. Na mwaka 2025 timu ya Bradley Nelson wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, ilitoa kazi kwenye jarida la Science, kidonge kidogo cha jeli chenye oksidi ya chuma ili sumaku ikikamate na madini ya tantalum ili kionekane kwenye eksirei, kinaachiwa na katheta (mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa), kinaongozwa kwenye mishipa, kikifika kinayeyushwa kinaacha dawa. Wamejaribu kwa nguruwe na kondoo.

Utaona mzee kwamba hicho kilicho karibu na hospitali kuliko vyote hakijaiga mnyama yeyote, ni kidonge tu cha duara kinachobingirika kwenye ukuta wa mshipa. Samaki na konyeza wanapendeza kwenye video, ila daktari anataka kitu anachokiona, anachoweza kukipoteza bila madhara, na kisicho na sumu. Nikeli na kobalti ni sumaku nzuri lakini mwili hauzitaki, oksidi ya chuma mwili unaivumilia na tayari kuna dawa ya sindano ya upungufu wa damu iliyotengenezwa nayo. Tena damu kwenye mishipa mikubwa inaenda mbio, kadude kadogo kanasombwa, ndo maana katheta inakafikisha karibu kwanza. Kuna swali la namna ya kukatoa kazi ikiisha, wengi sa hivi wanaona bora kayeyuke huko huko.

Tarehe ya Dodoma hatuwezi kukutajia. Tunachojua ni kwamba stroku inayotokana na damu kuganda ina dawa ya kuyeyusha, na inatakiwa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa) kuhakikisha hamna damu iliyovuja kichwani. Kwa hiyo mzee waambie wajukuu, wakiona mdomo umeenda upande au maneno hayatoki, wasianze kukukanda na maji ya moto, gari iwashwe. Na mazoezi ya mkono usiache.

Kuna jamaa huku mtaani anasema chanjo zina roboti za sumaku na wanatuongoza kwa minara ya simu. Kuna ukweli? (Chang'ombe)

Hamna. Mnara wa simu unatoa mawimbi ya redio, hauwezi kumkokota mdudu wa sumaku ndani ya mtu aliyekaa mtaani. Hao wa maabara wenyewe wanapata tabu kukaongoza kadude mtu akiwa amelala katikati ya koili. Dunia yenyewe ina sumaku ya maikrotesla 25 hadi 65 (milioni moja ndo tesla moja) na tumezaliwa humo, MRI ni tesla 1.5 au 3, makumi ya maelfu ya mara zaidi, watu wanaingia na kutoka. Wa kuogopa MRI ni mwenye kifaa cha kusaidia moyo au chuma mwilini, huyo aseme mapema.

Mi ni fundi redio Majengo, sumaku za spika mbovu ninazo ndoo nzima. Naweza kutengeneza kadude ka kuogelea mwenyewe? (Fundi)

Unaweza kabisa fundi, tena usianze na utepe wa Stuttgart, ule unahitaji sumaku kali ya kuupangia kaskazini zake. Anza na skrubu.

Chukua waya mwembamba wa shaba, usokote kwenye mrija wa kalamu ya biki upate springi ya sentimita moja na nusu hivi, uivute kidogo mizunguko iachane. Kwenye ncha moja gundisha kasumaku kadogo, vile vya kwenye earphone mbovu vinafaa, ila angalia: kaskazini na kusini yake viangalie pembeni, visiangalie urefu wa springi, la sivyo katasimama kama dira badala ya kuzunguka. Hizo kubwa za spika usizisokote kwenye skrubu, ni nzito, hizo ni za nje.

Chombo kiwe cha plastiki au kioo na usiweke maji, weka gliserini ya duka la dawa. Kwenye ubaridi wa nyuzi 20 mnato wake ni zaidi ya mara 1000 ya maji, hapo ndo hako ka sentimita moja na nusu kanaishi maisha yanayokaribia ya bakteria, ukizima kanaganda pale pale, hakatelezi. Huku kwetu mchana gliserini inalegea kwa joto, fanya asubuhi utaona tofauti. Halafu tafuta drili ya chaji, bandika sumaku ya pili kwenye kichwa chake, nayo kaskazini na kusini viangalie pembeni, ilaze drili sambamba na springi, mbali kidogo maana ukiisogeza sana inakavuta kadude ukutani. Washa. Ukibadilisha upande wa kuzunguka kanarudi nyuma.

Moja la kukaza: kama una watoto wanaozurura dukani, hivyo visumaku vidogo vifungie. Mtoto akimeza kimoja ni shida, akimeza viwili ni hatari kweli, vinavutana kutoka pande mbili za utumbo vinabana nyama katikati mpaka inatoboka, na kwa nje mwanzoni anaonekana kama ana tumbo la kawaida tu. Ukihisi kameza usimpe kitu cha kutapisha, mkimbize hospitali wapige eksirei.

Drili iwe ya kuminya taratibu, anza na spidi ya chini kabisa. Ukiongeza na kadude kanaongeza mwendo, mpaka kuna mahali kataanza kutetemeka pale pale bila kwenda popote, maana yake uga unazunguka haraka kuliko kanavyoweza kuufuata kwenye ule mnato. Usidhani sumaku imekufa, achia kitufe kidogo katashika tena.